Boti ya Chupa na Ndala: Ombi la Meza za Ufundi Shuleni
Maneno ya mweka hazina kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, wajomba zetu, na ndugu zangu wote mliotoka Mgeta, Kinole, Mkuyuni na Matombo,

Kazi yangu ni hesabu, na taarifa ya mapato na matumizi mnayo kwenye makabrasha. Naomba dakika chache niwaeleze kitu hiki kilichopo mezani. Ni boti ya kuchezea. Imetengenezwa kwa chupa mbili za maji, kipande cha ndala na mota mbili zilizotolewa kwenye deki mbovu. Lakini ukiiweka majini jioni na kuimulika kwa tochi, inakata kona yenyewe kuufuata mwanga.

Siyo uchawi. Mbele ina vihisi mwanga viwili, kila kimoja kidogo kama punje ya hindi. Kihisi kikipata mwanga hupitisha umeme zaidi, na transista huukuza umeme huo mpaka ukatosha kuzungusha mota. Kihisi cha kushoto kimeungwa na mota ya kulia, na cha kulia na mota ya kushoto. Tochi ikiwa upande wa kushoto, mota ya kulia huongeza kasi na boti hugeukia kushoto. Mapangaboi yamekatwa kwenye kopo la plastiki, nayo yanasukuma hewa juu ya maji ili mota zisilowe.

Asije mtu akadharau chupa na ndala. Kule Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa, kiasi cha tani 10, wakalipamba kwa ndala zipatazo 30,000. Waliliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Watoto wetu hawakosi akili ya namna hiyo. Nani hapa hakuwahi kuendesha gari la dumu lenye matairi ya ndala? Wanachokosa ni pasi ya kuungia waya kwa risasi, mita ya kupimia umeme, na mtu wa kuwaonyesha.

Mtauliza, mchezo huu utatusaidia nini? Kihisi kilekile kinapima tope. Weka maji ya mto kwenye chupa angavu ndani ya boksi lenye giza, tochi upande mmoja, kihisi upande wa pili. Maji yakiwa machafu mwanga hupungua, na mita inaonyesha. Mto Ruvu, unaonywesha jiji hili tulimokaa, unaanzia milimani kwetu. Bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro, linajaa mchanga na tope. Na udongo huo unatoka mashambani, ndio uliokuwa ukiotesha maharage ya mama zetu.

Wazee mnakumbuka mwaka 1955, watu wetu walipogomea matuta ya ngazi. Serikali ya kikoloni ililazimisha, haikushauriana nao. Mimi naamini mwanafunzi akipima mwenyewe mto wa kijijini kwake kabla ya mvua na baada ya mvua, akampelekea mjomba wake majibu, mazungumzo ya kuhifadhi shamba yataanzia nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa hesabu. Tunapendekeza tuanze na shule sita za sekondari. Kwa kila shule tumekadiria hivi: vifaa vya kudumu, yaani pasi, mita, koleo na bisibisi, shilingi 140,000, vipuri na betri, shilingi 90,000, nauli na posho ya fundi redio kwa Jumamosi sita, shilingi 20,000 kila siku, jumla 120,000. Shule moja ni shilingi 350,000. Shule sita ni shilingi 2,100,000.

Tukigawana watu 70, kila mmoja atatoa shilingi 30,000. Asiye na fedha alete redio mbovu, deki mbovu au tochi iliyokufa. Tafadhali msilete betri za simu zilizovimba, zinaweza kulipuka. Vifaa vitaandikwa kwenye daftari la shule, na nakala za stakabadhi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, mzazi yeyote azisome.

Mwakani, nikisimama hapa, napendekeza nisisome peke yangu. Wanafunzi wawili waje na daftari lao la vipimo vya mito, watueleze maji yetu yana hali gani.

Fomu za ahadi ziko kwa katibu pale mlangoni. Mimi nimekwisha jaza ya kwangu.