Imani Yetu na Kazi Zetu
(Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe ya Uhuru, Fisksätra)

 

Leo tunakumbuka 9 Desemba 1961. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini. Je, uhuru huo tunauvaaje tukiwa kazini huku Sweden?

Sisi wauguzi tuna jambo linalotuuma. Dada mmoja aliyekuwa zamu nasi aliambiwa avae mikono mifupi. Hakuelezwa sababu, naye hakuuliza. Kesho yake hakurudi kazini. Sisi tuliokuwepo tulinyamaza.

Tungemwambia nini? Kwamba kanuni ile haikumlenga yeye. Kila anayemhudumia mgonjwa huacha mikono wazi hadi kwenye kiwiko, huvua saa, bangili, hata pete ya ndoa, ili asibebe vijidudu. Hijabu inaruhusiwa. Mwaka 2017 daktari wa meno aliyetaka kuvaa mikono ya kutupa alishindwa katika Mahakama ya Kazi. Usalama wa mgonjwa ulitangulia.

Lakini si kila agizo lina uzito huo. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilimpa haki mwanamke Mwislamu aliyeomba kazi ya ukalimani Uppsala. Usaili wake ulikatishwa kwa sababu hakumpa mkono mwanamume, bali aliweka mkono kifuani kwa heshima. Alilipwa fidia ya kroni 40,000. Kesi yake ilipelekwa na DO, ofisi ya serikali inayopinga ubaguzi.

Na sheria inatubana sisi pia. Mgonjwa hatumchagui kwa dini yake, rangi yake, wala kwa mwenzi aliyekuja kumtazama. Tukidai haki yetu, tumpe na yeye yake.

Wazazi, tusiwaambie watoto wetu, "Sisi wageni, nyamazeni tu." Wengi wao wamezaliwa hapa. Vijana, mkipewa agizo linalogusa imani yenu, ulizeni kwa adabu: sababu yake ni nini? Ikiwa ni ya mgonjwa, itiini. Ikiwa hakuna sababu, nendeni kwenye chama cha wafanyakazi au DO. Tena msiende peke yenu. Tugongeeni mlango, tutafuatana. Safari hii hatutanyamaza.

Heri ya Uhuru.