Nafasi ya kwanza ku Google haiuzishwi
Maneno kwa vijana wa Goma wanaotafuta feza kwa njia ya tovuti



Leo nitasema juu ya feza, juu najua njo kitu kinatuamsha asubui. Na ni feza ya namna moja tu: ile vijana wanatafuta kwa kufungua tovuti, na ile wanapoteza kwa kumulipa mutu anayeahidi kuipandisha hiyo tovuti juu ku Google.

Munajua vile muji uko. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati Goma iliingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango na kiwanja cha ndege kikafungwa. Wengi waliokuwa wanalipwa kila mwezi walijikuta nyumbani. Mutu mwenye feza yake mu benki anavuka mupaka kuifuata Gisenyi, ao anaipitisha ku telefone na kukatwa komisio njiani. Katika hali kama hiyo, kijana mwenye ordinatere kidogo na mega kidogo anajiuliza: mbona nisifungue tovuti, niweke matangazo, dola ziingie zenyewe?

Swali ni zuri. Hakuna haya ndani yake. Lakini kisha swali hilo, kuna mutu anakuja kukuandikia ku WhatsApp: "Mukubwa, unipatie tu dola 50, mu wiki mbili utakuwa wa kwanza ku Google." Njo huyo nataka tumuzungumzie. Lakini tuanze na hesabu, juu asiye na hesabu njo anakamatwa upesi.

Tovuti inaingiza feza kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni matangazo. Inayojulikana zaidi ni AdSense ya Google, iliyoanza mwaka 2003. Google inaweka matangazo ku kurasa zako, inalipwa na wenye kutangaza, na wewe unapata sehemu yako. Lakini hailipi mbele ufikishe dola 100. Tuseme, kwa mufano tu, kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa zinakuletea dola 1. Ili ufike dola 100, kurasa zako zinapashwa kufunguliwa mara 100,000. Sasa ukimulipa mutu dola 50 ili akupandishe, umekula kurasa 50,000 ambazo hazijafunguliwa bado. Jiulize nani atazifungua, na atakuja kusoma nini.

Na kuna jambo lingine ambalo wauzishaji wa ndoto hawalisemi. Ukifikia karibu dola 10, Google inatuma karata yenye namba ya siri kwa njia ya posta, ku adresi uliyoandika, ili ihakikishe kwamba uko mutu wa kweli unayekaa pale. Ikipita miezi 4 bila kuingiza ile namba, matangazo yanasimamishwa ku tovuti yako. Nani kati yetu alishaona mufanyakazi wa posta anapiga hodi Ndosho ao Majengo na barua mukononi? Basi mbele ya kuandika makala ya kwanza, ujue kabisa karata yako itafikia ku sanduku gani la posta, na feza itaingia ku konti gani. Kama haujui, tovuti yako ni sawa shamba lisilo na njia: mavuno yatakomaa, yaozee palepale.

Tena, musikubali ile tabia ya kuandika ku grupu: "Wandugu, muingie ku tovuti yangu mubonyeze matangazo." Google inaona mibonyezo ya namna hiyo na inafunga konti. Marafiki 30 wenye moyo muzuri wanaweza kukumalizia kazi ya mwaka muzima kwa siku moja.

Njia ya pili ni hii: tovuti yako inakuwa kibao cha kazi yako. Haikulipi yenyewe. Inaleta mutu anayekulipa. Dada anayeshona nguo Katindo, kaka anayepiga picha za harusi, mama anayeuzisha fromage ya Masisi, kijana anayetafsiri Kinande, Kinyarwanda na Kiswahili kwenda Kifaransa. Kwa hao, hakuna haja ya kurasa 100,000. Mutafsiri akipata muteja moja wa kweli, ile kazi moja inaweza kupita matangazo ya miezi mingi. Kwa vijana wengi wa muji huu, mimi naona hii njia ya pili njo ya kuanzia.

Sasa turudi kwa yule wa dola 50.

Sisi wa Goma tunamujua, hata kama hatukumuona bado. Tunamujua juu tulishapanga nyumba. Ni komisioneri. Kuna komisioneri muzuri: anaujua muji, anakupeleka ku nyumba yenyewe, anakukutanisha na mwenye nyumba. Huyo alipwe, alifanya kazi. Na kuna mwingine anayeomba feza ya kutembea, anakuonyesha nyumba ambayo mwenyewe hajui kama inapangishwa, kisha telefone yake haipatikani tena. Wote wawili wanajiita jina moja. Kazi ya kupandisha tovuti, ile wanaita SEO, iko vilevile.

Ukweli wa kwanza: Google haipokei feza ya mutu ili imupandishe katika majibu ya kawaida. Kuna matangazo yanayolipiwa, ndiyo, lakini yanaandikwa wazi kwamba ni matangazo, na ukiacha kulipa yanatoka siku ileile. Katika majibu mengine, hakuna mulango wa nyuma. Google yenyewe inaandika katika maelezo yake kwamba hakuna mutu anayeweza kuhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Kwa hiyo mutu akikuambia "nahakikisha", umeshajua yeye ni nani. Hauna haja ya kuuliza la pili.

Ukweli wa pili: kazi nzuri inachukua wakati. Google ilishaeleza kwamba mara nyingi ni miezi 4 mpaka mwaka moja ili matunda yaonekane. Wiki mbili ni wakati wa kukimbia na feza yako.

Ukweli wa tatu: udanganyifu unafanya kazi kidogo, kisha unaangusha. Ili muelewe, turudi nyuma. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi ku Stanford kule Marekani, walikuja na wazo hili: tovuti moja ikielekeza wasomaji kwa nyingine, ni sawa kuipigia kura. Tovuti yenye kura nyingi za watu wanaoheshimiwa inapanda. Sisi tunajua kura inazaa nini: inazaa wanunuzi wa kura. Basi watu wakaanza kuuzisha ile miunganisho kwa mamia na maelfu, kutoka tovuti zisizosomwa na mutu. Mwaka 2011, gazeti New York Times lilifunua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilipanda juu ku Google kwa miunganisho ya kununua. Google ikaliangusha. Mbele ya hapo, mwaka 2006, Google iliondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani katika majibu yake, juu ilikuwa inaonyesha Google kitu kimoja na wasomaji kitu kingine. Hao ni matajiri. Walisafisha, wakarudi. Wewe wa Birere, tovuti yako ikiangushwa, utamulilia nani?

Mutanishitaki kwamba nawakataza kulipa musaada. Hapana. Kazi hii ni kazi, na kuna vijana hapa Goma wanaoijua vizuri na wanaopashwa kulipwa vizuri. Ninachosema ni kwamba ulipe kazi unayoiona, musilipe ahadi. Mbele ya kutoa hata franka moja, weka mambo matano haya juu ya meza.

Moja. Aandike atafanya nini. Kurasa gani atarekebisha, vichwa gani vya habari, picha gani atapunguza uzito, makosa gani atatengeneza. Akisema "ni siri yangu", mushukuru, umuage.

Mbili. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako, na adresi yako ya barua pepe. Hapa watu wengi wanaumia. Hakuna mutu ananunua parseli akaacha karatasi ibakie na jina la komisioneri. Lakini ku tovuti tunafanya hivyo kila siku! Mwaka unapita, mumegombana, na yeye njo mwenye tovuti. Jina likiandikishwa vibaya, kazi yako yote iko ya mwingine.

Tatu. Usimupe neno la siri. Google iko na chombo cha bure, Search Console, kinachoonyesha watu walitafuta maneno gani mbele ya kukufikia, na ukurasa gani uko na shida. Pale unaweza kumuingiza mutu kwa ruhusa ya kuangalia tu. Aangalie, akuambie anaona nini. Ukimuelewa, umupe ruhusa zaidi. Kazi ikiisha, umutoe.

Ine. Umuulize wazi: "Unanunua miunganisho?" Akisema ndiyo, ao akizungukazunguka, simama hapo.

Tano. Ulipe kidogokidogo, kazi kwa kazi. Na kipimo kisiwe "niko wa ngapi ku Google". Kipimo kiwe watu: wangapi walikupigia simu mwezi huu, wangapi walikuandikia, wangapi walinunua. Mutu anaweza kukufanya wa kwanza kwa neno ambalo hakuna mutu duniani analitafuta. Huo ni ushindi wa kusindikiza picha ku WhatsApp, hauleti unga.

Na sasa, wandugu, sehemu ambayo hauhitaji kumulipa mutu.

Fikiria mama anayetaka kwenda Bukavu kwa mashua. Anatafuta ku telefone: inatoka saa ngapi, bei ni ngapi, mizigo inalipwa namna gani. Fikiria mwanafunzi anayetafuta chumba Himbi, ao mutu wa familia yetu aliye Kampala anayetaka kujua atatuma feza namna gani ikifika. Hayo maswali yanaulizwa. Majibu yake yanajulikana na nani? Na kijana anayeshinda ku bandari kila siku. Mutu aliye mbali, hata awe na mashine kubwa namna gani, hawezi kujua kwamba bei ilipanda jana. Njo nguvu yetu hiyo. Andika jibu moja la kweli, weka tarehe, na bei ikibadilika ubadilishe. Andika kwa maneno ambayo watu wanatumia wenyewe, kwa Kiswahili chetu na kwa Kifaransa, juu mutu anatafuta vile anasema.

Ufanye ukurasa uwe mwepesi. Google inatazama kwanza vile ukurasa unaonekana ku telefone, na musomaji wako ananunua mega kwa jasho. Hamukusahau ile RAM, kuanzia mwaka 2020, inite zilikuwa zinakatwa ku telefone zetu mpaka dola 7 kwa mwaka, na watu wakakataa mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Tulikasirika serikali ilipokula inite zetu. Basi na sisi tusimulie mutu mega zake kwa video tano zinazojiwasha zenyewe.

Kama uko na duka ao atelie, andikisha kazi yako ku ramani ya Google. Ni bure. Anayekuambia inalipiwa anauzisha hewa ya ziwa.

Na neno la kuangalisha: musiweke maisha yote ku waya moja. Mwisho wa mwaka 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti inchi nzima karibu siku 20. Waliokuwa wanakula ku mutandao peke yake waliona njaa. Wekeni namba za wateja ku kitabu cha karatasi pia. Mukuwe na kazi ya mukono pembeni.

Kwa nini kikundi cha raia kinasema mambo haya? Juu kijana aliyeibiwa dola 50 haibiwi dola tu. Anaanza kuamini kwamba kila kitu kiko na mulango wa nyuma, na kwamba mujinga ni yule asiyeujua. Hiyo imani tunaijua, njo inatuua ku biro za serikali, ku barabara, ku masomo. Hatuwezi kuikataa pale na kuinunua hapa.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili vyepesi. Kama ulishamulipa mutu, leo jioni uangalie jina la tovuti yako limeandikishwa kwa nani. Kama si kwako, uanze kulidai mbele mugombane. Na wale munaoijua kazi hii vizuri, mujitokeze hapa mbele kisha kikao, mukae saa moja na wadogo wenu, muwaonyeshe Search Console ku telefone zao wenyewe. Tutaanza na wale walio na tovuti tayari.

Nasikiliza maulizo.