Yupo Wapi Katika Safu? Funzo Kutoka Jukwaa la Lahore

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Alasiri)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya ubaya wa kudharauliana. Mfano niliouchagua huenda ukawashangaza baadhi yenu, kwani unatoka katika jukwaa la michezo ya kuigiza. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mpime.

Mwaka 2015, katika jiji la Lahore nchini Pakistan, ulionyeshwa mchezo uitwao Teesri Dhun, yaani Mahadhi ya Tatu, chini ya uongozi wa Claire Pamment na Iram Sana. Waliosimama jukwaani walitoka miongoni mwa wale ambao watu wa nchi ile huwaita khwaja sira. Wengi wao walizaliwa wakahesabiwa wavulana, lakini tangu utotoni hujiona na huenenda kama wanawake. Na baadhi yao wamezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kiume au ya kike. Katika mchezo huo walisimulia maisha yao wenyewe kwa maneno, kwa nyimbo na kwa kucheza.

Mtu aweza kuuliza: kuna ajabu gani katika hilo? Ajabu ni kwamba khwaja sira si wageni machoni pa watu wa Lahore. Kwa desturi ya kale iitwayo badhai, mtoto anapozaliwa au harusi inapofanyika, wao hufika nyumbani, wakaimba, wakacheza, wakawaombea wenyeji baraka na kupewa fedha. Hivyo watu waliwazoea kwa nyimbo zao na kwa kuwacheka, wala hawakujua mtu yule anapoondoka mlangoni anakwenda kulala wapi. Katika mchezo huu yule aliyezoeleka kuchekwa ndiye aliyekuwa msimulizi, na waliozoea kucheka wakaketi kumsikiliza.

Ndugu zangu, watu hawa hawakuwa duni siku zote. Zama za wafalme wa Kimughali, jina la khwaja sira lilikuwa la heshima. Walioitwa hivyo waliaminiwa kulinda nyumba za wanawake wa wafalme, na baadhi yao walishika vyeo vikubwa. Walipotawala Waingereza, ilitungwa sheria ya mwaka 1871 juu ya makabila yaliyoitwa ya kihalifu. Sehemu ya sheria hiyo iliamuru watu wa namna hii waandikwe katika daftari la serikali, na ikawakataza wale walioandikwa wasivae mavazi ya kike wala kuimba na kucheza hadharani. Mwenye kudhani kwamba dharau hii yote ilitoka katika dini na aitazame tena historia.

Leo wengi wao hufukuzwa na wazazi wangali wadogo, wakaenda kuishi chini ya mlezi wao waitaye guru, na riziki yao ikawa ni ngoma, kuombaomba au mambo mabaya zaidi. Mwaka 2016, katika mji wa Peshawar, mmoja wao alipigwa risasi akafikishwa hospitali. Habari zilizotangazwa wakati ule zilieleza kwamba matibabu yalicheleweshwa huku watu wakibishana alazwe wodi ya wanaume au ya wanawake. Mgonjwa huyo akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Basi tujiulize: wanazuoni wetu walifanyaje walipokutana na mtu asiyeeleweka ni wa upande gani? Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo yamesomeshwa tangu kale katika pwani yetu, vitabu vya fiqhi vinaeleza habari za khuntha, yaani mwenye maumbile yasiyobainika. Vinaeleza namna ya kumgawia urithi. Vinaeleza hata mahali pake katika swala ya jamaa: wanaume kwanza, kisha watoto wa kiume, kisha khuntha, kisha wanawake. Walipopata shida ya kumjua, hawakumwambia arudi nyumbani, bali walimtafutia safu.

Lakini sitaki kuwaficheni jambo. Khuntha ni suala la maumbile ya mwili, na wengi wa wale waliosimama katika majukwaa kama lile hawadai hilo. Wanachodai ni hali ya nafsi. Juu ya hao wanazuoni walizungumza katika mlango mwingine, ule wa mukhannath, mwanaume mwenye mwenendo wa kike. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipambanua baina ya yule aliyeumbwa na tabia hiyo na yule anayejitia kwa makusudi. Wa kwanza alisema hana lawama wala dhambi kwa tabia aliyoumbwa nayo. Wa pili ndiye mwenye kulaumiwa. Na katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliletewa mtu wa namna hiyo aliyejipaka hina mikononi na miguuni, akaamuru apelekwe mahali paitwapo Naqii, nje ya Madina. Masahaba wakauliza kama wamwue, naye akawajibu kwamba amekatazwa kuwaua wenye kuswali. Ni kweli kwamba alimwondosha mjini. Hata hivyo, alimhesabu kuwa miongoni mwa wenye kuswali, na kwa sababu hiyo damu yake ikahifadhika.

Huko Pakistan mjadala haujatulia. Ombi lililofikishwa Mahakama Kuu ya nchi mwaka 2009 liliwasilishwa na Dkt. Muhammad Aslam Khaki, mjuzi wa sheria za Kiislamu. Mahakama hiyo ikaamuru walindwe, wapewe urithi wao na waandikwe katika vitambulisho vya taifa. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mtu atambuliwe kwa jinsi ajionavyo mwenyewe. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Shariah ya nchi hiyo ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Shariah, kwani jinsi haithibitiki kwa hisia. Na waliopinga uamuzi huo wakakata rufaa.

Mimi si mufti, wala sikusimama hapa niwahukumu wale waliotofautiana. Nataka mtazame jambo wasilotofautiana. Mwaka 2016 wanazuoni wapatao hamsini wa Lahore walitoa fatwa juu ya khwaja sira. Katika suala la ndoa waliweka masharti ya alama za mwili, wala hawakulegeza. Lakini walisema pia kwamba kuwanyima urithi ni haramu, kuwadhihaki na kuwaudhi ni haramu, na janaza lao ni kama janaza la Mwislamu mwingine yeyote. Na kabla ya fatwa yoyote, Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, amekwisha kutukataza kudharau watu ambao huenda wakawa bora kuliko sisi.

Enyi wazazi, mtoto wako akiwa na mwenendo usioufahamu, usimtoe nje ya mlango wako, kwani huko nje hakuna amtakiaye mema kuliko wewe. Enyi vijana, msimfanye mtu mchezo wenu njiani. Nasi viongozi wa misikiti, akifika mtu wa namna hii baada ya kusikia adhana, tumfundishe kwa upole yale tuyajuayo, wala tusimrudishe. Hukumu ya nafsi yake iko kwa Muumba wake. Sisi tutaulizwa ikiwa tulimwonyesha mahali pa kusimama.

Mwenyezi Mungu atulinde na kiburi cha kucheka viumbe vyake, na atujaalie tuwe wenye huruma na uadilifu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.