Nani Atakusemea? Kuomba Nafasi ya Ubingwa wa Upasuaji Marekani



Wanafunzi wanaotamani kusomea ubingwa wa upasuaji Marekani huniuliza: nipate alama ngapi? Swali hilo lilikuwa na uzito hadi Januari 2022. Tangu hapo, Hatua ya Kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, haitoi alama. Unafaulu au unafeli, basi. Idara za upasuaji wa mifupa na wa ubongo, zilizozoea kuchuja mamia ya maombi kwa tarakimu ile, zikabaki bila chekeche. Macho yakahamia kwenye Hatua ya Pili, ambayo bado ina alama, kwenye utafiti, na kwenye kauli ya waliokuona kazini.

Utafiti ndio ulioleta fujo. Takwimu za NRMP, chombo kinachogawa nafasi hizo, hujumlisha muhtasari, mawasilisho ya makongamano na makala za majarida katika fungu moja, na vijana wanakimbilia wingi. Kwangu mimi, ripoti ya mgonjwa mmoja uliyemfuatilia mwenyewe inashinda makala kumi ulizobandikwa jina. Msaili mzoefu akishauliza swali la pili, mambo huwa hadharani.

Barua ya mapendekezo ni jambo zito zaidi. Wanafunzi wa Marekani huenda mwezi mmoja kufanya kazi katika hospitali wanayoitamani: wanafika kabla ya raundi, wanajua vipimo vya kila mgonjwa wao, wanabaki thieta hadi kidonda kishonwe. Huo ni usaili wa mwezi mzima. Wengi wetu tunaotoka nje huishia kupewa nafasi ya kutazama tu, bila kumgusa mgonjwa, na barua itokayo huko huwa nyepesi. Tafuteni mapema, mkiwa bado wanafunzi, nafasi ya kushika kazi. Cheti cha ECFMG, kinachothibitisha sifa za mhitimu wa nje, ni lazima, lakini hakimsemei mtu.

Jihadharini pia na nafasi za upasuaji za mwaka mmoja zisizo na mwendelezo. Mtu hudhani ameingia. Mwaka ukiisha, anaomba upya.

Kuhusu orodha ya hospitali mnazozichagua kwa NRMP, msibahatishe. Mfumo wake wa kulinganisha waombaji na hospitali, waliousanifu upya Alvin Roth na Elliott Peranson, unaotumika tangu 1998, huanzia kwenye chaguo la mwombaji, si la hospitali. Kuitanguliza hospitali ngumu unayoipenda hakukupunguzii nafasi katika zile zinazofuata.

Wahadhiri wenzangu, barua zetu nyingi husema kijana ana nidhamu na bidii, kisha sahihi na muhuri. Daktari bingwa aliyeko Baltimore atafanya nini na maneno hayo? Tuandike mgonjwa alikuwa na shida gani, kijana huyu alifanya nini usiku ule, na kama tungekubali ampasue ndugu yetu.