Upole si unyonge

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno ambalo sisi Wakristo tunalisoma mara nyingi na kulitenda mara chache. Neno lenyewe ni upole.

Mjini watu wakisema fulani ni mpole, mara nyingi wana maana kwamba hana neno. Ukimpunja chenji hasemi, ukimpita kwenye foleni ananyamaza. Huo ni unyonge, na pengine ni woga tu. Bwana Yesu, alipowaahidi wapole urithi wa nchi katika Mathayo sura ya 5, hakuwa akiwasifu waoga. Katika sura ya 11 anajiita mwenyewe mpole, na hapo hapo anataja nira. Waliokulia shamba wanaelewa. Ng'ombe wa gari tunayemwita mpole si dhaifu. Ana nguvu za kulivunja gari lenyewe, ila nguvu hizo zimekubali kuongozwa. Dhaifu hafungwi gari hata siku moja. Na Yesu huyo huyo mpole ndiye aliyezipindua meza za wabadili fedha Hekaluni. Basi upole ni nguvu iliyo chini ya amri ya Mungu.

Tuitazame historia yetu wenyewe hapa Unguja. Pale Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyekuja Unguja mwaka 1864 na kufanywa askofu mwaka 1874. Inasimuliwa kwamba altare ilijengwa mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Alifariki mwaka 1882, na kaburi lake liko nyuma ya altare hiyo.

Ninachopenda kukikumbuka zaidi ni namna Steere alivyojifunza Kiswahili. Alikuwa msomi, na angeweza kudhani amekuja kufundisha tu. Badala yake alikaa kama mwanafunzi mbele ya wenyeji, wengi wao Waislamu. Mmoja wao alikuwa Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mkubwa wa mji huu, aliyejitolea kuzifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Kazi ile haikufika mbali, kwa kuwa sheikh alikuwa na shughuli nyingi na lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa mahitaji ya misheni. Lakini fikirini, ndugu zangu: sheikh anamsaidia padri, na padri anakubali kusahihishwa na sheikh. Hakuna aliyeiacha dini yake, wala aliyejifanya kwamba tofauti hazipo. Mwenye imani iliyosimama hahitaji kupiga kelele.

Kuna atakayesema hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali. Mwezi uliofuata Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili asubuhi, Padri Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akifika kanisani kusalisha misa. Siku kama zile ndipo neno hili linapopimwa. Ni rahisi kuwa mpole wakati hakuna aliyekugusa.

Je, upole ulitutaka tunyamaze? Hapana. Kumwaga damu ni uovu, na mpole anausema kuwa ni uovu, anadai sheria ifanye kazi yake, anasimama na wafiwa. Asichofanya ni kulipiza. Hamgeukii muuza samaki wa Darajani, wala jirani wa Michenzani, kumtoza deni la mtu asiyejulikana. Anakumbuka pia kwamba aliyeumizwa kabla ya mapadri wale alikuwa sheikh. Hasira haitazami usoni. Hukamata yeyote aliye karibu. Upole hutazama kwanza.

Sisi Wakristo hapa Visiwani ni wachache, na wachache hushawishika na mambo mawili: kujificha, au kujibu kwa matusi. Yote mawili ni mazao ya woga. Upole ni njia ya tatu. Ukiulizwa imani yako, jibu kwa ukweli na kwa adabu. Mwezi wa Ramadhani, mstahi jirani aliyefunga, bila kuona kwamba umepungukiwa. Kukiwa na msiba mtaani, nenda kakae na waliofiwa. Ukidhulumiwa, fuata haki yako mbele ya wanaohusika, ulimi ukiwa safi. Wahenga hawakukosea waliposema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Na tuanzie nyumbani. Baba anayesali kwa sauti laini kanisani kisha akirudi watoto wakakimbilia uvunguni, huyo hajawa mpole bado. Mama anayemwita mtumishi wa ndani kwa kupiga makofi, naye ajitazame. Mahali palipokuwa soko la watu pamekuwa mahali pa sala. Itakuwa aibu kubwa tukitoka hapo na kwenda kumdhalilisha mtu aliye chini ya mamlaka yetu.

Mungu atujalie nguvu za kuwa wapole. Tukutane juma lijalo, inshallah.