Namba ya karte yako haina kazi ku ukuta



Kwetu Kongo karte ya mchaguzi si ya kuchagulia tu. Tangu miaka mingi njo kitambulisho chetu: unaionyesha polisi, unaipeleka banki, unaandikishia nayo numero ya simu. Ile namba iko na nguvu.

Juzi niliona orodha ku ukuta wa ofisi moja ya serikali: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba nzima ya karte. Watu wanapiga picha, wanatuma ku WhatsApp. Mwizi akipata hiyo, anaweza kuandikisha simu kwa jina lako, anadanganya watu, na siku anatafutwa, hodi inapigwa kwako.

Hatusemi orodha zifichwe. Sisi njo wa kwanza kudai zibandikwe, tujue nani alipewa na nani alirukwa. Lakini jina na tarakimu ine za mwisho zinatosha mtu kujitambua.

Sheria iko. Kode ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za kibinafsi za kila mtu, na serikali nayo inapashwa kuiheshimu.

Ukiona orodha ya vile, usiipige picha. Ingia ofisini kwa heshima, omba namba zifunikwe. Wakikataa, andika barua, baki na kopi yenye muhuri, kisha utuambie. Tutaenda wengi, kwa amani, mchana kweupe.

Orodha ni ya wote. Namba ni ya mwenyewe!