Dawa Bila Kipimo Haitoshi

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Leo naomba tuzungumze juu ya wagonjwa ambao mapigo ya moyo wao yamepoteza mpangilio. Kwa vijana wetu, chanzo kimojawapo kikubwa ni maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, ambayo huleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Damu hutuama na kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo mgonjwa hupata kiharusi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda ipo, nayo ni warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa aina hii vifo vilikuwa vichache kwa dawa za kundi la warfarini kuliko kwa dawa mpya ya rivaroksabani.

Lakini warfarini ikipungua damu huganda, na ikizidi mgonjwa huvuja damu. Ndiyo maana lazima apimwe damu kipimo cha INR, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Hata mgonjwa aliyetulia hupimwa karibu kila mwezi.

Ndugu zangu, hapa ninakiri kosa la ofisi yangu. Tulipopokea mashine ya kupima mapigo ya moyo tulipiga picha na kushukuru. Katika bajeti hatukuweka vitendanishi vya INR. Vilipoisha, mama mmoja mwenye watoto watatu alikaa miezi minne akimeza dawa bila kupimwa. Nauli ya kwenda hospitali ya mbali hakuwa nayo. Leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, kila kamati, kwa ridhaa ya wagonjwa, iwakumbushe tarehe za kipimo na kuwasaidia nauli. Iwaonye wasiache dawa wala wasinunue aspirini au diklofenaki dukani bila kumwuliza mganga. Mboga za majani waendelee kula, ila kwa kiasi kisichobadilika sana. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwone daktari mapema, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Pili, walimu wa Shule ya Jumapili wahimize wazazi kumpeleka zahanati mtoto mwenye homa na maumivu ya koo.

Tatu, wafadhili wetu, kabla ya kutununulia mashine nyingine, tusaidieni kupata vitendanishi vya mwaka mzima. Kitendanishi hakibandikwi kibao cha shukrani, lakini kingemwachia yule mama mkono wake.

Mungu awabariki.